Mashetani, Miiko na Mchezo wa Maandishi

Viumbe wa ajabu wana bahati mbaya katika maandishi yetu ya utamaduni. Mwandishi mmoja akiwataja mazimwi, majini na mashetani, huwataja kama mabaki ya ujinga ambayo elimu itayafagia. Mwingine huwataja kama pambo la kuwauzia wageni. Sisi tunaoandika insha hii tumewajua kwa njia ya tatu. Kwa muda wa miaka miwili, jioni baada ya jioni, tulijaribu kuwajengea viumbe hao ulimwengu wa kukaa, na ulimwengu huo tukaujenga kwa maneno matupu. Katika kazi hiyo tulikosea mara mbili, na makosa hayo ndiyo yaliyotufundisha jambo tunalotaka kumweleza msomaji.

Tulikuwa watu saba, wote wakazi wa Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, katika Wilaya ya Masasi: walimu wawili, vijana watatu waliomaliza kidato cha nne, fundi cherehani mmoja na karani mmoja wa duka. Miongoni mwetu walikuwamo Wamakonde, Wamakua, Wayao na Mmwera mmoja, na kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa uwanja wetu wa pamoja. Mchezo ulikuwa hivi. Kila mtu alijitungia mhusika mmoja, akampa jina, tabia na haja yake. Kisha aliandika sentensi chache kueleza mhusika huyo anafanya nini, akazituma kwa wenzake kwa simu. Mmoja wetu, ambaye tulimpa cheo cha Mtambaji, alijibu kwa kueleza kilichotokea. Hapakuwa na picha wala sauti. Mtu akiandika kwamba anavuka mto, Mtambaji ndiye aliyesema kama mto umejaa, na dadu ndiyo iliyoamua kama mtu huyo amefika ng'ambo. Yaliyokubaliwa tuliyanakili katika daftari kubwa, ili asitokee mtu wa kudai kwamba jana mto haukuwapo.

Mchezo wa namna hii hatukuubuni sisi. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji hujifanya mashujaa na wachawi, na mmoja wao huwa msimuliaji. Miaka minne baadaye, mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika programu ya kompyuta iitwayo MUD, na Richard Bartle akaiendeleza. Katika programu ile mchezaji aliandika upande anaotaka kwenda, na kompyuta ikamweleza kwa maandishi mahali alipofika na nani mwingine yupo hapo. Watu wengi waliweza kuwamo katika ulimwengu ule ule kwa wakati mmoja, ingawa ulimwengu wenyewe haukuwa na ukubwa wowote isipokuwa wa maneno. Kutokana na mbegu hiyo michezo mingi ya maandishi imeenea duniani kwa njia ya intaneti.

Hata hivyo, tulipoyasoma hayo hatukujiona wageni. Nani kati yetu hakutegewa vitendawili alipokuwa mtoto? Mtegaji husema, wasikilizaji humjibu atege. Wakishindwa, yeye hudai apewe mji. Wakisema, “Tunakupa Newala,” basi Newala ni yake. Huondoka pale alipoketi bila kuinuka, akaenda Newala, akala, akanywa, akastarehe, kisha ndipo akatoa jibu. Huo ni ulimwengu wa maneno, una mchezaji, una kanuni, na una mji unaotolewa na kupokelewa bila mtu kuhamishwa. Bibi zetu walikuwa nao kabla umeme haujafika Ndanda.

Lakini mwanzoni hatukuwafuata bibi zetu. Tulifuata filamu. Majuma ya kwanza daftari letu lilijaa majumba ya mawe yenye minara, wafu wanyonyao damu, na watu wageukao mbwamwitu mwezi unapopevuka. Mmoja wetu aliandika ukurasa mzima kuhusu theluji, na hakuna hata mmoja kati ya saba aliyepata kuishika theluji. Mtambaji aliuliza, “Mtu akikanyaga hapo, mguu wake unasikia nini?” Mwandishi hakuwa na jibu, na mchezo ukasimama. Ndipo tulipotambua kwamba kiumbe waweza kumbuni, lakini ardhi anayoikanyaga sharti uijue.

Basi tukaitazama ardhi yetu. Anayekaa Ndanda anaona ukingo wa uwanda ukiinuka karibu naye, na chini yake chemchemi zitoazo maji mwaka mzima. Akipanda juu na kusafiri hadi Newala atasimama mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo nchi inashuka ghafula kuelekea bonde la Ruvuma, na asubuhi ukungu hulijaza bonde hilo. Maji yako chini, ilhali kwa muda mrefu watu walichagua kukaa juu. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwandani waliteremka ukingo na mitungi na kuupanda tena ikiwa imejaa.

Kwa nini watu wakae mbali na maji? Iko hadithi ya asili ya Wamakonde ambayo Mjerumani Karl Weule aliiandika alipotembelea Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906. Husimuliwa kwamba huko Mahuta, palipokuwa msitu mtupu, alitokea mtu mmoja asiyeoga wala kunyoa. Mtu huyo alichonga sanamu ya mti mfano wa binadamu, akaisimamisha, na usiku ikawa hai, ikawa mwanamke. Wakashuka Ruvuma kuoga. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakaenda bonde la Mbemkuru. Wa pili naye akazaliwa mfu. Waliporudi juu Mahuta, mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa busara kukaa juu, mbali na mito mikubwa.

Tuliisoma hadithi hiyo mara nyingi. Twaona ndani yake mambo mawili yaliyotufaa. La kwanza ni kwamba asili ya watu inatokana na kazi ya mikono: binadamu wa pili alichongwa. La pili ni kwamba uhai una sheria, na sheria hiyo imeandikwa katika nchi yenyewe, juu na chini. Hivyo tukatupa minara na theluji, tukaanza upya. Ulimwengu wetu tukauita Ukingoni. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila kiumbe, awe na nguvu kiasi gani, anayepanda juu hana budi kubeba maji yake mwenyewe.

Sasa tulihitaji viumbe, na hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Vijana wetu walitaka midimu, yaani wale wachezaji wenye vinyago vya usoni wanaotokea katika ngoma za jando na unyago za Wamakonde. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, huitwa mapiko. Tulisema: ni nani aliye na kiumbe wa ajabu mzuri kuliko huyu, na kwa nini tuazime vya Ulaya? Tukaandika kurasa nyingi. Mmoja wa vijana akazipeleka kwa babu yake, mzee wa upande wa Newala, akamsomea. Mzee akaagiza twende sote.

Tulimkuta amekaa chini ya mwembe. Baada ya salamu akasema, “Wajukuu zangu, huyo mliyemwandika nimemsikia. Niambieni, ndani yake yuko nani?”

Tukajibu kwa furaha kwamba ndani hamna mtu, babu, ni mzimu mtupu.

Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Hilo ni jibu langu mimi. Mimi nimepita mahali, nikafundishwa kwa nini ninajibu hivyo. Ninyi mmelijibu tu. Mwenye kuficha kitu sharti akijue anachokificha.”

Hakutukaripia. Alituuliza habari za masomo, akatupa mihogo, tukarudi Ndanda bila kusemezana sana. Twafahamu kwamba vinyago hivyo si siri kama ilivyokuwa zamani. Weule alivikusanya na kuvipeleka Leipzig, na leo vimo katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Ngoma zenyewe zimechezwa hadharani, kwa mfano katika tamasha la MaKuYa mjini Mtwara, ambalo jina lake limeunganishwa kutokana na Makonde, Makua na Yao. Lakini kitu kuonekana na wote si sawa na kuwa mali ya kila mtu. Kinyago kile kina wenyewe, nao wana mafunzo, miiko na wakati wake. Kilipochezwa, kijiji kizima kilishiriki: mwenye kujua alinyamaza, asiyejua aliogopa, na kwa kunyamaza na kuogopa huko kiumbe akawa hai. Sisi tulikuwa tumechukua sura bila kuchukua wajibu. Jioni ile tulizichana kurasa zile.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Baada ya kuacha midimu, mmoja wetu aliingiza katika Ukingoni simba-mtu, yaani mtu anayesemekana kujigeuza simba, au kumtuma simba akale watu. Habari hizo zimesimuliwa sana kusini mwa nchi yetu, nasi tukaona hazina mwenyewe. Mhusika huyo akapendeza mno. Kila usiku aliua mtu, na kila asubuhi wachezaji wengine walifanya baraza la kumtafuta mwenye simba. Tulishindana kunyosheana vidole. Tulicheka.

Fundi cherehani wetu akaacha kuandika. Usiku wa kwanza tulidhani ana kazi nyingi. Usiku wa tatu tukaenda kwake. Alikuwa anashona sare ya mtoto, na hakuinua uso alipotueleza. Bibi yake mzaa mama, alisema, aliitwa mwenye simba. Mwaka huo simba walikuwa wakichukua watu mashambani. Baada ya mtoto mmoja kuchukuliwa, watu walikuja mlangoni usiku na mienge. Bibi hakuuawa, lakini familia ilihama kabla ya mapambazuko, ikaacha nyumba na shamba la mikorosho. “Mikorosho ile mpaka leo wanavuna wengine,” alisema. “Nanyi kila usiku mnafanya baraza lile lile. Mnacheka.”

Hatukuwa na la kusema. Yafaa msomaji akumbuke kwamba simba wale walikuwa simba wa kweli. Uchunguzi wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na sehemu za kusini-mashariki, zikiwamo Lindi na Mtwara, ziliathirika vibaya. Watafiti hao walieleza na sababu. Mahali ambapo wanyama wengine wa pori wamepungua, simba hufuata nguruwe mwitu. Nguruwe mwitu hufuata mazao. Na mkulima, ili alinde mazao yake, hulala shambani katika kibanda kisicho na ukuta wa kumkinga. Hivyo nguruwe humwita simba mahali pale pale alipolala mtu. Maelezo hayo yanatosha, wala hayamhitaji mchawi. Lakini mwenye msiba hutafuta uso wa kuulaumu, na uso ulio karibu ni wa bibi kizee anayekaa peke yake.

Tangu siku hiyo tulimfuta simba-mtu katika Ukingoni, na tukaandika mwiko katika ukurasa wa kwanza wa daftari: asiumbwe kiumbe ambaye jina lake laweza kutundikwa mlangoni kwa mtu aliye hai.

Je, tulibaki na nini? Wapo kati yetu waliosema kwamba sasa hatuna lolote: vya wageni tumevitupa, vya wazee si vyetu, vya hofu vinaumiza. Aliyetutoa katika kukata tamaa huko ni karani wa duka, ambaye aliwahi kukaa Dar es Salaam karibu na wachonga vinyago wa Mwenge. Alitukumbusha habari za vinyago vya mpingo viitwavyo shetani. Watu wengi hudhani vinyago hivyo ni vya kale sana. Ukweli ni kwamba mtindo huo ulizuka katika miaka ya 1950, miongoni mwa Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji kuja Tanganyika kutafuta kazi, wengi katika mashamba ya mkonge. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa, aliyechongea Dar es Salaam, na aliyevipokea na kuvitafutia soko ni mfanyabiashara Mohamed Peera. Humo tunaona mwili wenye jicho moja, mkono unaotoka mahali pa sikio, tumbo lililo wazi, watu na wanyama waliomeana kama mizizi. Baadaye George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwatoa mashetani hao katika mpingo akawaweka katika rangi, wakicheza ngoma na kubishana kama majirani.

Katika miaka ya nyuma wako waliovisifu vinyago hivyo kwa kuwa ni vya asili, na wako waliovidharau kwa kuwa vilitengenezwa kwa ajili ya soko. Kwa maoni yetu pande zote mbili zilipitwa na jambo moja. Wachongaji wale walikuwa mbali na kwao, katika mji wa watu wa makabila yote. Hawakuchonga siri ya jando ili waiuze barabarani. Waliumba kitu kipya, kwa ustadi ule ule wa patasi waliourithi. Mila nayo ina siku yake ya kuzaliwa.

Hapo tukapata njia. Tukaanza kutunga viumbe ambao hakuna aliyepata kuwasikia, kwa sharti kwamba kila mmoja awe na haja, udhaifu na deni la maji. Akatokea Mchota-Usiku, anayepanda ukingo na mtungi uliotoboka. Kwa kila tone linalodondoka anasahau jina moja la mtu aliyempenda. Akatokea Nusu-Mkorosho, ambaye upande mmoja ni mtu na upande mwingine mti, na ambaye huchanua kila anapodanganywa, hata waongo wa Ukingoni wakawa wanajulikana kwa harufu ya maua. Akatokea mtoto wa ukungu, asiyeweza kuvuka saa nne ya asubuhi. Mchota-Usiku alitungwa na fundi cherehani. Alikuwa amerudi.

Mchezo wetu mrefu kuliko yote tuliujenga juu ya hadithi ya nunda mla watu, iliyomo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja ambao Edward Steere aliuchapisha mwaka 1870. Steere huyu ndiye, mwaka 1876, aliyewaongoza watumwa waliokombolewa hadi Masasi, wakaanzisha makazi chini ya milima ile ya mawe. Katika hadithi hiyo paka wa sultani anaachwa ale mifugo, kisha watu, mpaka anakuwa nunda. Mwana wa mwisho anatoka kumwinda. Kila mnyama anayemwua humleta kwa mama yake, na mama humwambia kwamba huyu siye.

Katika Ukingoni Mtambaji alishika nafasi ya mama. Kwa majuma kadhaa wachezaji walileta mizoga yao, na kila mara jibu likawa lile lile. Mwishowe walimzingira kiumbe mkubwa ndani ya korongo, na wote wakaamini kwamba sasa ndiye. Zamu ilikuwa ya fundi cherehani. Aliandika kwamba Mchota-Usiku ameweka mtungi chini, hataki kupiga, na anauliza swali: “Nani alikuwa wa kwanza kumwita nunda, na mwenyewe alikuwa wapi paka alipokuwa anakula mifugo?”

Mtambaji alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha mchezo ukageuka: badala ya kupanda korongoni, tulishuka mjini kwa sultani. Hatukumaliza hadi leo, lakini hakuna usiku tuliowahi kuandika kwa makini kama ule.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliyaweka maneno hayo mawili, utamaduni na vijana, chini ya paa moja. Mara nyingi tumeyaelewa kwa maana kwamba wazee wana utamaduni na vijana waupokee. Uzoefu wetu mdogo unatuonyesha kwamba vijana nao wana wajibu wa kuumba, na kwamba kuumba huko si kuchukua kila kinachoonekana. Kuna vitu vya kuulizia ruhusa, kuna vitu vya kuachwa kwa sababu vingali vinachoma, na baada ya hapo kuna uwanja mpana ambao hauna mwenyewe. Anayefika katika uwanja huo bila kupita kwa wazee na kwa majirani zake atadhani ni huru, kumbe anakanyaga mikorosho ya mtu.

Tunawaomba vijana wa sehemu nyingine, wa Pwani, wa Maziwa Makuu na wa nyanda za juu, waandike dunia zao. Wasianze na viumbe. Waanze na maji yanatoka wapi, nani huyabeba, na jina gani halisemwi kwa mzaha katika kijiji chao. Daftari letu lipo Ndanda, na ukurasa wake wa kwanza bado una nafasi ya mwiko mwingine.